Kiti cha Kusukwa: Asili Yake na Namna ya Kukitunza

Katika minada na katika maduka ya vyombo vilivyokwisha kutumika, mara nyingi huonekana kiti cha kusukwa kimesimama pembeni, rangi yake imebabuka na mguu mmoja umelegea, na watu hukipita bila kukitazama. Atokeaye kuuliza bei huambiwa bei ndogo, naye hukichukua akifurahi kwa urahisi wake. Walakini ni wachache wajuao ya kuwa kiti cha namna hii kina habari ndefu kupita vyombo vingi vya nyumbani, na ya kuwa habari hizo ndizo zimpazo mtu maarifa ya kukitengeneza. Maana asiyejua kiti chake kimefanywa kwa kitu gani aweza kukiharibu kwa mikono yake mwenyewe, siku ile ile adhaniyo kuwa anakitia uzuri. Basi katika insha hii twataka kueleza mambo mawili: kwanza, viti hivi vilitoka wapi, na pili, jinsi ipasavyo kukisafisha, kukipaka rangi na kukitunza kiti kilichotoka mkononi mwa mwingine.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Kusuka ni jina la kazi, wala si jina la mti. Kiti cha kusukwa chaweza kuwa cha fito za mierebi, au cha mafunjo, au cha henzirani, au hata cha karatasi, kama tutakavyoona. Kwa macho vyote hufanana, hasa vikiisha kupakwa rangi. Lakini kila kimoja kina tabia yake, na kimfaacho kimoja huweza kumwua mwenziwe.

Ustadi huu ni wa kale sana. Mwaka wa 1922, Mwingereza Howard Carter alipolivumbua kaburi la Farao Tutankhamun, aliyezikwa zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Kristo, vilionekana humo vikapu vilivyosukwa zaidi ya mia moja. Ukavu wa nchi ya Misri ulikuwa umevihifadhi muda wote huo. Tena kila msomaji wa Kitabu cha Kutoka akumbuka kile kisafina cha mafunjo alimotiwa mtoto Musa, na jinsi mama yake alivyokipaka lami kabla ya kukiweka mtoni. Katika mambo haya mawili twapata fundisho la kwanza: adui wa kitu kilichosukwa ni maji, na watu wa zamani walijua kukipaka kitu cha kuyazuia.

Warumi nao walivipenda viti vya namna hii. Mwandishi wao Plinio, aliyekufa mwaka wa 79 mlima Vesuvius ulipotoa moto, aliitaja mierebi ifaayo kufanyiwa viti vya kustarehe. Na katika mji wa Trier, nchini Ujerumani, liko jiwe la kaburi la zamani za Warumi, lililopatikana Neumagen. Katika jiwe hilo amechongwa bibi mmoja ameketi katika kiti cha kusukwa chenye mgongo mrefu, na vijakazi wake wamtengeneza nywele. Aliyelichonga alionyesha hata misuko ya kiti, hata leo fundi akilitazama aweza kuona jinsi kilivyosukwa.

Mwaka wa 1620, wale Waingereza waliovuka bahari kwa merikebu Mayflower walipofika Amerika, alizaliwa mtoto merikebuni, jina lake Peregrine White. Katika nyumba ya makumbusho ya Pilgrim Hall, mjini Plymouth, kimewekwa kitanda cha mtoto kilichosukwa kwa fito, nacho husemwa kuwa kilikuwa chake. Hivyo chombo cha kusukwa kilikuwa cha kwanza kwanza katika vyombo vilivyoingia katika nchi ile. Na nchi hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuvifanya viti hivi kuwa biashara kubwa.

Sasa hatuna budi kuueleza mmea uitwao henzirani, maana ndio mama wa habari yetu. Henzirani ni jamaa ya mnazi na mtende, lakini badala ya kusimama peke yake hutambaa na kuparamia miti mingine, ikijishika kwa miiba iliyopindika kama ndoana. Baadhi yake hupita mita 100 kwa urefu. Hukua katika misitu ya Malaya, Sumatra na Borneo, na jamaa zake hupatikana hata katika misitu ya Kongo na Uganda. Wengi huidhania kuwa ni mwanzi, nayo siyo. Mwanzi una uwazi ndani, bali henzirani imejaa kabisa. Nje ina gamba gumu, laini, lenye kung'aa. Ndani mna moyo ulio mwepesi na wenye vitundu vidogo sana, unaonywa maji kama sifongo. Msomaji na alishike neno hili la gamba na moyo, maana tutalihitaji tufikapo katika kazi ya rangi.

Zamani merikebu zilizotoka Mashariki zilikuwa na desturi ya kutia henzirani katikati ya mizigo ili isigongane wala kusogea. Merikebu ikifika, mizigo huteremshwa, na henzirani hutupwa gatini kama takataka. Husimuliwa ya kuwa mwaka wa 1844, mtu mmoja jina lake Cyrus Wakefield, aliyekuwa na duka la vyakula katika mji wa Boston pamoja na ndugu yake, aliziona henzirani hizo zilizotupwa, akazichukua akazijaribu. Akaona zapindika bila kuvunjika. Akaanza kuwauzia mafundi wa viti, na biashara ikakua hata akaliacha duka. Mwaka wa 1855 alihamia South Reading, katika jimbo la Massachusetts, akajenga kiwanda huko.

Jambo la kusifiwa katika kazi ya mtu huyu ni kwamba hakuacha kitu kipotee. Mafundi wa kwanza walitaka gamba la nje tu, ili kusukia makalio ya viti, na moyo wa ndani wakautupa. Wakefield akaona ya kuwa moyo nao wafaa: wapindika vizuri kuliko gamba, tena wakubali rangi. Akautumia kusuka viti na vikapu. Hata vumbi na nyuzi zilizobaki baada ya kuparua zilifumwa zikawa mikeka na mazulia. Kitu kilichotupwa na mabaharia kikawa mali, na takataka ya mali hiyo nayo ikawa mali. Mwaka wa 1868 wenyeji wa South Reading waliubadili mji wao jina, wakauita Wakefield, na jina hilo lipo hata leo. Mwenyewe alikufa mwezi wa Oktoba, 1873, katika mwaka ule ule wa msiba mkubwa wa fedha nchini Marekani.

Kampuni yake ilikuwa na mshindani, nayo ni kampuni ya ndugu wa ukoo wa Heywood katika mji wa Gardner, waliokuwa mafundi wa viti tangu mwaka wa 1826. Mwaka wa 1897 kampuni hizo mbili ziliungana zikawa moja. Viti vyao vilienea kila mahali: barazani, bustanini, hotelini na katika magari ya moshi. Hata merikebu Titanic, iliyozama mwaka wa 1912, ilikuwa na viti vya kusukwa katika chumba chake kimoja cha kunywea kahawa.

Wasomaji watauliza, kwa nini watu wa zamani zile walivipenda hivyo? Sababu ya kwanza ni wepesi wake. Mwanamke mmoja aweza kukibeba kiti kutoka sebuleni hata barazani. Sababu ya pili ni hewa. Watu walianza kuogopa magonjwa yakaayo katika mavumbi ya viti vizito vyenye mito na mahameli, wakaona kiti cha kusukwa chapitisha hewa na chaweza kufutwa. Sababu ya tatu ni uzuri, maana henzirani hupindwa kwa namna yo yote apendayo fundi.

Viti vile vya kwanza havikupakwa rangi vyote. Vingi viliachwa katika rangi yake ya asili, vikapakwa vanishi tu, ili mafuta na uchafu visiingie. Na hapa habari yetu yagusa pwani yetu wenyewe. Vanishi bora ya karne ile ilifanywa kwa sandarusi, na sandarusi iliyosifiwa sana ilichimbwa katika ardhi ya bara inayokabili Unguja. Baada ya mapatano ya mwaka wa 1833 kati ya Sayyid Said na serikali ya Marekani, merikebu za mji wa Salem zilizidi kuja Unguja kuleta kitambaa cha merikani na kuchukua pembe na sandarusi. Salem haiko mbali na Boston wala na South Reading. Ni mwendo mdogo. Basi wachimbaji wa pwani, ambao majina yao hayakuandikwa popote, walikuwa na fungu lao katika mng'ao wa vyombo vya nyumba za Marekani.

Mwaka wa 1917 yalitokea mageuzi makubwa. Mtu mmoja wa Menominee, katika jimbo la Michigan, jina lake Marshall Burns Lloyd, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Alikuwa ameona kwamba kusuka kwa mkono kwachukua siku nyingi na gharama nyingi. Akachukua karatasi ngumu akaisokota kama kamba, na katika kamba zisimamazo wima akatia waya wa chuma ndani. Kisha akaifuma kwa mashine ikawa kama nguo, na nguo hiyo ikapigiliwa juu ya kiunzi cha mbao. Mwaka wa 1921 kampuni ya Heywood na Wakefield iliinunua kazi yake. Nchini Uingereza, kampuni ya Lusty ya London ilipata ruhusa ya kuvifanya viti hivyo, ikaviuza kwa wingi, hata kiwanda chake kilipoharibiwa na mabomu mwezi wa Septemba, 1940.

Mashine ile ilileta faida na hasara. Faida ni kwamba mtu wa mshahara mdogo aliweza kununua kiti cha kusukwa. Hasara ni kwamba wasukaji wa mkono walikosa kazi, na ustadi wao ukapungua, kwa kuwa mwana hajifunzi kazi isiyomlisha baba. Watu walipogeukia mitindo mingine, kazi yenyewe ikafifia. Kiwanda cha Gardner nacho kilifungwa mwaka wa 1979. Viti vikabaki, waliovisuka wakaondoka; ndiyo maana kiti kizuri cha zamani kikivunjika, ni vigumu kumpata wa kukisuka tena kama alivyokisuka wa kwanza.

Baada ya kujua hayo, sasa twaweza kusema habari ya kiti kilichonunuliwa mnadani. Neno la kwanza ni kukitambua. Kigeuze juu chini, utafute mahali palipokatika. Ukiona nyuzi za mti, ni henzirani au ufito. Ukiona karatasi iliyosokotwa, pengine na waya ndani, basi ni kiti cha jamaa ya Lloyd. Waweza pia kujaribu kwa sumaku. Ikivutwa na zile kamba za wima, pana waya. Tazama na miguu kama ina vitundu vya fukusi, na kama unga mpya wadondoka. Kiti chenye wadudu hai kisiingizwe nyumbani penye vyombo vingine.

Neno la pili ni kukisafisha. Kung'uta vumbi kwa burashi laini, ukifuata mwendo wa msuko. Ikiwa ni henzirani au mierebi, kioshe kwa kitambaa na maji yenye sabuni kidogo, kisha ukisuuze na kukiweka kivulini penye upepo, siku moja au mbili, hata kikauke kabisa. Asikiketie mtu kingali na maji, maana kikiwa kibichi hulegea, nacho kikikauka hubaki na umbo baya. Usikianike juani kwa muda mrefu. Jua kali huikausha henzirani hata ikapasuka. Lakini ikiwa ni karatasi, usikimwagie maji kamwe. Kipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, kwa kuwa karatasi ikilowa hufumuka, na hapo hapana dawa.

Neno la tatu ni kukitengeneza kabla ya kukipaka. Wengi hugeuza mambo haya, wakapaka rangi juu ya ufa, na rangi ikaficha ubovu kwa mwezi mmoja tu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaza viungo vilivyolegea kwa gundi ya seremala na skrubu ndogo. Ufito ukikatika, loweka mwingine wa unene ule ule katika maji hata ulainike, uupitishe juu na chini kama ule wa zamani ulivyopita, kisha uufiche mwisho wake kwa ndani. Miguu iliyofunguka ifungwe tena kwa gamba lililoloweshwa. Likikauka litajikaza lenyewe.

Neno la nne ni onyo, nalo ni zito kuliko yote. Kwa muda wa miaka mingi rangi nyeupe ya mafuta ilifanywa kwa risasi, na risasi ni sumu. Mwaka wa 1904, huko Brisbane nchini Australia, daktari John Lockhart Gibson alieleza ya kwamba watoto waliougua sumu ya risasi waliipata katika rangi ya baraza za nyumba zao: walishika mbao, rangi ikashika vidoleni, wakatia vidole kinywani. Hata hivyo rangi hiyo iliendelea kuuzwa katika nchi nyingi. Marekani iliikataza kwa matumizi ya nyumbani mwaka wa 1978. Basi kiti cha zamani chenye rangi inayobabuka kichukuliwe kuwa chaweza kuwa na risasi. Usikisugue kikavu kwa msasa, wala usiichome rangi kwa moto, kwa sababu vumbi na moshi wake huingia mapafuni. Palipo na mashaka, mtoto asikitumie, na kazi ya kuiondoa rangi aachiwe fundi aijuaye.

Neno la tano ni rangi yenyewe. Hapa lile neno la gamba na moyo larudi. Moyo wa henzirani hunywa rangi na kuishika. Gamba hulikataa, na rangi iliyopakwa juu yake hubanduka upesi kama magamba ya samaki. Basi ukiona kiti cha gamba linalong'aa, usikipake rangi, kisafishe tu. Kiti cha moyo kilichokwisha kukauka sana chaweza kupakwa mafuta ya kitani kidogo kwa kitambaa, kisha mafuta yaliyozidi yapanguswe. Na vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje vikauke, au viloweshwe majini. Vikikunjwa vikiwa na mafuta huweza kushika moto vyenyewe, na nyumba zimekwisha kuungua kwa ajili hiyo.

Kiti kilichokwisha kupakwa rangi zamani, nacho hakina shaka ya sumu, chaweza kupakwa tena. Paka rangi nyepesi, mara mbili au tatu, ukingoja kila mara ikauke. Mkosi mkubwa wa viti hivi ni rangi nzito: hujaa katika misuko, huziba matundu ya hewa, na mtu akiketi, fito hujongea lakini rangi haijongei, ndipo hupasuka. Mwaka wa 1949, Edward Seymour wa Sycamore, katika jimbo la Illinois, alitengeneza rangi ya mkebe inayonyunyizwa kama ukungu, nayo ilirahisisha kazi hii sana, maana hufika ndani ya pembe zisizofikiwa na burashi. Mwenye kuitumia na aitumie nje penye hewa, asisimame karibu mno, na asirudie mahali pamoja hata rangi ikatiririka.

Baada ya hayo, utunzaji ni mdogo. Kiti kisiachwe mvuani wala karibu na moto. Kipanguswe vumbi kila juma. Kisiburutwe, bali kibebwe, maana kuburuta hulegeza miguu. Ufito mmoja ukichomoka, urudishwe siku ile ile, kabla haujawavuta wenzake.

Limebaki swali moja. Je, kila kiti cha zamani chapaswa kupakwa rangi mpya? Wako wasemao ndiyo, kwa sababu kiti kilichochakaa ni aibu mbele ya mgeni. Kweli, kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini wenye kuvijua vyombo vya kale husema ya kuwa kiti kilichoachwa katika rangi yake ya kwanza huthaminiwa zaidi, tena rangi mpya ikiisha kuingia katika moyo wa henzirani, kuitoa ni kazi ngumu mno. Basi shauri letu ni hili: pale ambapo sabuni, maji na subira vyatosha, rangi isitumike. Itumike kukiokoa kiti kilichokwisha kupoteza ngozi yake, wala isitumike kuuficha uvivu wa mwenye nyumba.

Nasi tulio wana wa nchi ya mikeka ya ukindu, majamvi, vikapu na vitanda vya kamba, tuna sababu ya kuyaangalia maneno haya kwa moyo. Vijana wengi huona haya kusuka, wakidhani ni kazi ya wasiojua kusoma. Habari tulizosimulia zaonyesha vingine. Mji mzima uliitwa kwa jina la mtu aliyeokota fito zilizotupwa. Na mji huo huo, mikono ya wasukaji wake ilipotawanyika, haukuweza kuikusanya tena. Ustadi wa kusuka hauwekwi katika nyumba ya makumbusho. Huwekwa katika vidole vya walio hai. Mzee asukaye barazani pako leo aweza kukufundisha yale ambayo kesho hutayapata kwa fedha. Kaa karibu naye, ushike ukindu, na uulize.